Jua la Saa Nane

Kabla ya lile ghorofa, jua lilituaga jioni
kama mgeni mstaarabu: kwanza mpera,
kisha kamba ya nguo, kisha ngazi ya jikoni.
Sasa linaondoka saa nane. Haliagi.
Kivuli kinaangukia ua wote kwa mkupuo,
Kavinya anapaza sauti, "Mama, limeenda!"
nasi tunazikimbilia shuka
ambazo hazijakauka tangu juzi.

Hii ni Kileleshwa, nyumba ya chini ya mwisho
katika barabara yetu. Mwakio aliinunua kwa mkopo wa kazini
mwaka wa sabini na sita, tukiwa na viti viwili na redio.
Upande ule walikaa akina Devchand
na mbwa wao mnene aliyeogopa paka.
Upande huu, daktari wa meno
ambaye hatukuwahi kumwona akicheka.
Wameuza. Mama Devchand alikuja na sahani ya halua
akanishika mikono yote miwili
kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Madalali hupiga kengele Jumamosi, viatu vinameta.
Wananiita Mama, wananiita Shosho,
mmoja aliniita Nusu Ekari, ulimi ukamteleza.
Kadi zao nazitia katika kopo la biskuti
lililokuwa la vifungo.

Jumanne ikaanguka soksi.
Ndogo, ya manjano, ina twiga kifundoni.
Niliifua. Ilichukua siku mbili kukauka,
soksi ya mtoto, siku mbili!
Nikavaa viatu vya kanisani, nikaipeleka.

"Unakwenda kwa nani, mama?"
"Kwa mwenye soksi."
"Ghorofa ya ngapi?"
"Hilo ndilo ninalokuuliza wewe."
Akachukua kitambulisho changu, akafungua daftari:
jina, namba, saa ya kuingia.
Kwenye sababu ya ziara kalamu ikasita,
halafu akaandika, kwa herufi kubwa, SOKSI.
Miaka yote hiyo barabarani hapa
sikuwahi kuandikwa mgeni.

Alipiga simu mlango kwa mlango.
Ghorofa ya kumi na moja wakaitika.

Lifti ilinipandisha tumbo likibaki chini.
Mtoto akafungua, mguu mmoja mtupu,
akapiga ukelele: "Ni bibi wa chini!"
Kumbe nina jina huku juu.
Mama yake, Chelagat, akanikaribisha kwa chai.
Ilikuwa saa kumi na robo.
Na jua, lile langu, lilikuwa limekaa sebuleni kwao,
limejinyoosha juu ya kochi
kama jamaa aliyehama bila kuniambia.

Nilitoka kwenye roshani ya upande wa pili.
Chini kabisa, paa langu: vigae saba vimetoka,
sikujua. Mpera ni kichaka cha mboga.
Kavinya, mdogo kama pini, anageuza shuka.
Nilimwonea haya, kana kwamba nimechungulia bafuni.

"Mama," Chelagat akasema, kikombe kimemgandia mkononi,
"usikasirike nikikuuliza. Unafikiria kuuza?"
Nikajiandaa. Hata yeye.
"Kwa sababu tunalipa benki miaka ishirini.
Walituambia: chukueni upande huu,
yule bibi hauzi, jua la asubuhi
litapita juu ya paa lake mpaka kitandani kwenu.
Wakatuongezea bei kwa hilo."

Sikujibu. Nilikuwa nikipiga hesabu:
wamenichukua alasiri,
wamewauzia asubuhi yangu,
na katika kopo la biskuti
hakuna hata senti ya mauzo hayo.

Mtoto alikuwa amevaa soksi, anateleza sakafuni.
"Inanuka kwako," akasema, akiinusa tena.
"Inanuka nini?"
Akafikiri sana.
"Majani."

Mlinzi alinirudishia kitambulisho.
Saa ya kutoka: kumi na moja kasoro.
Uani giza lilikwisha tandika.
Kavinya aliuliza tuanue au tuache.
Nikapapasa pindo la shuka: mbichi.
"Ziache," nikasema. "Kesho tunaanza mapema.
Asubuhi bado ni yetu.
Yetu na ya watu wa juu."