Sentimita Arobaini

Walichimba kwenye mgongo wa shamba letu, Handali,
palipoinuka kidogo tu,
mahali ambapo mpira ukiuweka chini
hufikiri kwanza kabla ya kubingirika.
Urefu mita mbili, upana moja, kina mpaka uchoke.
Mama alisimama pembeni, mikono nyuma.
Hakusema linafanana na nini.

Bwana Chiloleti wa udongo alishuka
na kisu cha jikoni, chupa ya maji, daftari.
Akauchokonoa ukuta kama anayetoa funza
kwenye unyayo wa mtoto, taratibu, akipuliza.
Mimi nilishika tepu. Sifuri iwe juu, aliniambia,
hesabu za udongo huanzia juani.

Alilowesha donge, akalivingirisha liwe mkia wa panya.
Mkia ukakatika. Akatia chembe mdomoni.
"Mchanga hukwaruza meno. Mfinyanzi hunata.
Huu wenu hautaki lolote kati ya hayo.
Huu ni unga."
Nilijua. Ndio unaoamka Agosti,
unaoingia kwenye shuka, kwenye chumvi, kwenye redio ya baba
hadi taarifa ya habari ikawa inakohoa.
Nusu yake si wa hapa. Ulikuja ukipeperuka,
ukakosa nauli ya kuendelea.

Akafungua kitabu cha rangi, kurasa zenye vitundu,
akasogeza donge nyuma ya kila kitundu, akasita.
"Andika uji wa mtama ulioshika sufuria,"
mama akasema kutoka juu.
Akaandika namba. Kisha, nilimwona,
pembeni akaandika: uji.

Sentimita arobaini kisu kiligonga.
Halikuwa jiwe. Ni udongo uleule uliokataa kuwa udongo,
umekazana kama sakafu ya zahanati,
na juu yake mizizi ya uwele wa msimu uliopita
imefika, imebisha hodi,
imegeuka, imelala ubavu.
Mizizi mia, yote ubavu.
Maji nayo, akasema, ndivyo yafanyavyo:
hushuka vidole vichache, huketi,
jua likiita, hurudi.

"Mzee wenu alilimia nini?"

Baba. Ndahani Magunia Mawili.
Kijiji kizima kilimpigia hesabu:
ekari nne, magunia mawili, huyu atakuwa analala.
Alirudi na mpini uliopasuka,
akaketi, akasema, "Kule chini kuna mtu ameshika."
Tulicheka. Hata mimi.
Machi, wachimbaji wa kaburi lake
waliomba sululu ya pili,
na Mbijima alitukana mbele ya mchungaji.

"Ndiyo ileile," mama akasema.
Si kwa Chiloleti. Si kwangu.

Chini ya sakafu ukuta ulilainika tena, mwekundu,
ukafuata mstari wa mawe meupe
kama meno ya mtu aliyelala mdomo wazi,
halafu mwamba uliooza, wa kusagika kwa vidole,
ambao mvua haijamaliza kuutafuna.
Nani aliyapanga yale mawe?
Chiloleti alikuna shingo.
"Wapo wanaosema mchwa. Wapo wanaosema maji ya kale.
Mimi kwenye fomu naandika: yapo."

Rudisheni kama mlivyoutoa, aliagiza,
wa chini uwe chini, wa juu uwe juu.
Nani ana subira hiyo? Tuliusukuma wote pamoja,
ukajaa, ukabaki, ukafanya kichuguu.

Mvua za Desemba zilinyesha siku tisa, zikakata.
Februari uwele wa shamba zima uliishia magotini,
umekunja majani kama barua ya deni.
Isipokuwa pale: mstatili mmoja,
kijani kinachokaribia weusi,
umenipita kimo, na kwelea kwelea
wameshaanza kuula upande mmoja.

Mama aliuzunguka mara moja.
Akaenda nyumbani, akarudi
na tepu ya cherehani
na sululu ya kuazima.
Akapiga hatua mbili kando.
"Shika hapo," akaniambia,
"kwenye sifuri."