Rangi ya Mkono Wangu

Kibandani kwa Musembi, Kaloleni,
mbuzi wa bango la bucha bado hajaota pembe,
ameegemezwa ukutani, anangoja zamu yake.
Nikatoa kitambulisho chako, Kerubo,
picha pekee ambayo hukugeuza uso,
kwa kuwa karani alikwambia tulia, usicheke,
ukatulia, ukanuna kama anayedaiwa.

"Hapa ni giza tupu," akasema Musembi,
"mashine za serikali hazijui ngozi yetu.
Alikuwa rangi gani?"

Nikafungua mdomo.
Miaka kumi na tisa tulilala kitanda kimoja,
tukigombania blanketi moja,
nami sikuwa na neno.
Maji ya kunde, nikasema. Hapana.
Chai ya mwisho wa mwezi,
ile yenye maziwa ya kuhesabu.

Akacheka. Akanipandisha sweta mpaka kiwikoni.
"Mmetoka tumbo moja?"
"Tumbo moja."
Basi akachanganya kahawia, manjano,
na chembe ya ile nyekundu ya nyama ya bucha,
akawa anadondosha tone mkononi mwangu,
anafuta, anaongeza, anadondosha tena,
mpaka tone likapotea ngozini, lisionekane.
Hapo ndipo akaanza paji lako.

Julai ya Nairobi haikaushi kitu.
Siku ya tano ulikuwa bado mbichi,
tepu ya kupimia shingoni,
Mama alipokuja kukuchukua.
Hakusema umefanana.
Hakusema hukufanana.
Alilamba kidole gumba, kama zamani kabla ya kanisa,
akakufuta shavuni kitu ambacho sisi hatukukiona.
Alama ikabaki, na mistari yote ya gumba.
Musembi akainua brashi arekebishe.
Mama akamtazama tu.
Brashi ikarudi mkebeni.

Sasa uko Gikomba, juu ya cherehani yako
ninayoikanyaga mimi, vibaya,
mishono ikienda upogo.
Jana aliingia mteja aliyekuwa Mombasa tangu Pasaka,
hana habari ya lolote,
akakuinulia macho katika utusitusi wa kibanda:
"Kerubo, ile sketi yangu je?"

Nikajibu mimi,
"Kesho."