Kokoto za Mtongani

Nyundo ya Somoe, huu ni mpini wa tatu.
Wa kwanza ulioza mwaka wa mafuriko,
wa pili aliuvunja jirani, akaurudisha kimya kimya.
Huu wa mpera umeshika umbo la kiganja chake,
na kiganja nacho kimeshika umbo la mpini.

Kakalia gunia, mguu mmoja kaunyoosha,
jiwe kalivika kipete cha mpira wa baiskeli
lisije likaruka na jicho lake.
Moja. Mbili. La tatu hupasuka.
Ndoo elfu moja; ukibembeleza, mia tisa.

Leo limepasuka, ndani mna chaza
mzima, mbavu zote zinahesabika,
mdomo kaufumba
kama shahidi aliyegoma kusema.
Somoe akamlamba. Chumvi hakuna.

Jumanne alikuja Leokadia, mwanafunzi wa Mlimani,
na daftari la miraba na viatu visivyofaa,
akawa anapapasa ukuta wa machimbo
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Hapa palikuwa bahari, shangazi.
Hapo hapo ulipokaa.
Haya matumbawe, huu mchanga uliogandamana,
na hawa kome walifukiwa pamoja
kabla hajazaliwa wa kuwaita kome.

Miaka mingapi?
Laki na ushei.

Somoe akaanza kuihesabu kwa ndoo,
akafika ada ya Mwanaidi, akaacha.
Na bahari yenyewe ilikwenda wapi?
Ilirudi nyuma, shangazi, kidogo kidogo.
Ah. Kama baba Mwanaidi.

Tafadhali usiwavunje, nakuja Ijumaa.

Akawaweka kwenye kopo la siagi,
kumi na mmoja, mmoja mdogo kama kucha ya mtoto.
Usiku mvungu wa kitanda ukawa na watu,
hivyo ndivyo alivyosema, watu,
na akalala upande wa ukutani.

Ijumaa likaja Fuso.
Mwenye nyumba ya Goba anamwaga jamvi kesho,
zimepungua ndoo mbili, dereva anapiga honi,
saa inakwenda, jua linapasua utosi.
Somoe akaponda alichoweza.
Ya pili haikujaa. Ilibaki nafasi
ya kopo moja.

Hakuwaponda. Hilo aliapa baadaye.
Aliwamimina wazima, taratibu,
kama unavyomimina mchele wa mgeni,
akapokea elfu mbili, noti moja imebandikwa gundi.

Jumapili ndipo Leokadia anatokea,
kaja na pamba na viboksi kumi na viwili.
Somoe hakusimama. Vumbi jeupe limemkaa kwenye kope,
vumbi la bahari, kama ni kweli bahari.
Akaelekeza mpini kule juu, Goba,
kwenye mabati mapya yanayometameta.

Wamo humo, mwanangu, chini ya jiko la watu.
Ulisema wamezoea kufukiwa.