Kurasa za Karanga

Nilikinunua sokoni Mwanga, kwa Bukuru wa mitumba,
shilingi mia nane. Jalada hakina,
na kurasa za arobaini hadi hamsini na tano
zilishafungia karanga.

Kinasema: kosea mapema, kosea kwa bei nafuu.
Nikacheka peke yangu, sufuria ikitokota.
Huyu hajawahi kuunguza madumu mawili ya mawese
na kodi ya chumba imo ndani ya lile la pili.

Usiku umeme ulipokatika
nikaurudia mstari kwa tochi ya simu.
Nafuu. Neno hilo nililiruka.

Asubuhi nikapika sabuni ya kikombe kimoja,
kostiki kwa kijiko, mchaichai wa jirani.
Haikuganda. Ya pili ikatoa maji.
Ya tano, Mwavita alinawa, akanusa viganja,
akanusa tena,
akaondoka na kipande bila kulipa.
Nikaandika pambizoni: mteja wa kwanza.

Kinasema pia: jilinganishe na jana yako.
Sawa. Ila jana yangu haina duka karibu na stesheni
kama la Zuwena, lenye nembo na karatasi ya kung'aa,
ambalo mimi hulikwepa kwa njia ya nyuma.
Hilo hakikulitaja,
au lilikuwa kwenye zile za karanga.

Nimemwuliza muuza karanga.
"Ziliisha Ijumaa."

Basi sura ya wivu nitaiandika mwenyewe,
nyuma ya daftari la madeni, nianzie hapa:
leo nimepita njia ya mbele.
Nimenunua sabuni yake, nimenawa.
Ina povu kuliko yangu.