Vifungo Vilikuwa Sahihi

Waliniita mshauri wa historia,
mimi Mwanatumu binti Athman, mwalimu mstaafu wa hesabu,
kwa kuwa aliyeuawa alikuwa ami yangu
na funguo za ile nyumba ya Mkomani
ninazo mimi.

Waliuliza maswali mazuri, siwasingizii.
Karani wa forodha, mwaka ule, alivaaje?
Koti la kaki juu ya kanzu, nikasema,
vifungo vinne vya pembe, cha pili kutoka chini kimelegea,
maana mkewe alikuwa Pate akimuuguza mamake.
Wakaandika. Fundi wao akakilegeza kifungo.
Taa je? Kandili, si karabai;
karabai ilikuwa ya harusi na ya wenye nazo.
Wakaitafuta kandili, wakaipata, na kutu yake.
Hata paka waliuliza. Mleteni yeyote, nikasema,
paka wa Amu hawajabadilika.

Nilifurahi, sikufichi.
Kumbe wako watu duniani
wanaojali kifungo cha maiti.

Usiku wa kupiga ile picha ya uchochoroni
wakatundika juu ya dari taa kubwa kama sinia,
kuta zikawa nyeupe kama zimepakwa chokaa jana.
"Nini hiyo?"
"Mwezi, mwalimu."

Hapakuwa na mwezi.
Ilikuwa ishirini na nane, mfungo tano,
kiza cha kukutia kidole jichoni.
Mulwa, mwenye filamu, akacheka kwa adabu:
"Kamera haioni gizani."
Hata bibi yangu hakuona, nikamjibu.
Alikuwa dirishani, juu, hatua kumi na mbili.
Alisikia kikohozi. Alisikia kitu kikianguka
kama gunia la mtama. Kisha miguu, bila haraka.
Akamwambia inspekta: "Ndia ilikuwa kiza, bwana.
Nimesikia. Sikuona."
Inspekta akachovya kalamu: *hapana shahidi*.
Faili likafungwa kwa uzi mwekundu.

Ungekuwako mwezi, Mulwa, tungemjua.
Hiyo taa yako ni shahidi wa uongo.

Lakini mwanga ukishawashwa hudai sura,
nao walikuwa na sura tayari:
mchukuzi wa maji, mwenye kiguu cha kushoto.
"Hadithi haiwezi kuishia hewani," alisema,
"watu watadai pesa zao."
Miaka thelathini nimewafunza watoto:
swali lisilo na jibu liache wazi,
anayejaza ili kujaza, nampa sifuri.
Na mchukuzi huyo, mlimtoa wapi?

Nilijua walikomtoa.
Siku ya kwanza, kwa chai na kaimati,
waliniuliza nani alizoea kupita mtaani alfajiri,
nami nikamtaja Kombo Bwanaheri,
mitungi yake, kiguu chake, upande gani.
Kwa usahihi.

Ikaonyeshwa uani mwa ngome, kwenye shuka.
Koti lilipotokea watu walipiga kelele:
"Lile lile! Wallahi lile lile!"
Mzee Lali alilia kwa ajili ya kandili.
Na kwa kuwa kifungo kilikuwa kweli
kisu nacho kikaaminika.
Mwisho yakapanda majina, langu la tatu kutoka chini,
halikukosewa hata herufi.

Huenda ni Kombo. Huenda si Kombo.
Sijui. Hilo ndilo nilijualo,
nalo halikupata nafasi kwenye shuka.

Mjukuu wake huuza mikate ya mofa Langoni.
Zamani, jua likipanda, sinia lake lilikuwa makombo.
Asubuhi ile, saa nne, lilikuwa bado limejaa,
na watoto watatu walipita mbele yake
wakichechemea, mguu wa kushoto,
vizuri sana, kama walivyofunzwa na picha.
Hakuwafukuza. Alipanga upya mikate
iliyokuwa imepangwa.

Nikanunua kumi.
Akanitazama, akafunga gazetini, akanirudishia chenji kamili.

Naishi peke yangu.