Salamu za Sepetu

Saa kumi na mbili asubuhi, La Baie bado ni usiku,
usiku mzito, wa kukatwa kwa kisu.
Kipimajoto cha dirishani kimesinyaa
hadi thelathini na moja chini ya sifuri,
nami nimesinyaa nacho
ndani ya koti la marehemu mume wangu,
nikisikiliza.

Kwrr. Kwrr. Hiyo ni sepetu ya Réjean.
Huchota kidogo kidogo, kama anayepakua wali
akiwa na wageni wengi na sufuria moja.
Ni mgongo, lakini yeye husema ni mtindo.
Inafuata ya Ghislaine, ndefu, yenye hasira:
tangu mwanawe ahamie Alberta
huigombeza theluji kama ndiyo iliyomchukua.
Mwisho ni Fabien wa nyumba ya kijani.
Husafisha vidato vitano vya ngazi yake, hafiki kidato cha sita,
kama mwanafunzi aliyekosa ada,
kisha husimama kuvuta sigara,
na huwezi kujua upi ni moshi, ipi ni pumzi.

Hatuamkiani kwa mdomo saa hizo.
Nani afungue mdomo, meno yagande?
Sepetu ndiyo hodi.
Sepetu ndiyo nimeamka, wewe je?
Ya kwangu hujibu mwisho kabisa, kwa kuwa mimi ni mvivu
na kila mtu anajua.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wahenga,
ila hawakutaja nyaya za betri.
Za Réjean zimeamsha magari yote ya mtaa huu,
hata la yule kijana aliyehamia Oktoba
na kuegesha bila kuuliza.
Supu yangu ya njegere hutoka kwangu imejaa;
sufuria hurudi na kitu: vitunguu, soksi za sufu,
mara moja bili ya umeme ya Ghislaine,
aliyoitia humo kwa kusahau.
Kwenye uzio kuna glavu moja, ya kushoto, nyekundu,
imening'inia tangu Desemba.
Hakuna anayekiri.

Jumanne. Kwrr, kwrr: Réjean.
Ghislaine akaigombeza yake.
Kisha kimya.

Nikahesabu mpaka mia. Nikasema sigara imetangulia.
Nikahesabu tena, nikiwa nimesimama.
Nilipofungua mlango Ghislaine alikwisha kuvuka barabara
kwa ndara, ndara za manyoya, kwenye barafu,
na Réjean nyuma yake, sepetu begani,
kama mtu aendaye kumpiga mtu.
Ngazi ya kijani ilikuwa nyeupe, laini,
bila hata unyayo wa paka.
Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuikanyaga.

Ghislaine akaikanyaga.
Akagonga kwa ngumi, kwa kiganja, kwa ndara.

Fabien akatokea amejifunga blanketi,
nywele upande mmoja, alama ya mto shavuni.
"Nililala," akasema. "Nililala tu."
Akatutazama mmoja mmoja, kama tulioiba kitu.
"Tangu Novemba sijalala hivi."

Tukatazama viatu vyetu. Ghislaine akatazama ndara zake.
Hakuna aliyemuuliza kuhusu Novemba;
tuliipitia wote, tukiwa nyuma ya jeneza la dada yake,
tukiteleza.
"Basi rudi ulale, mpumbavu wee," Ghislaine akamwambia,
na sauti ikamkatika katikati ya tusi.
Akafunga mlango.
Tukachota vidato vyake vyote sita,
polepole, kwa mikono, kwa kingo za mabuti,
tusije tukamwamsha tena.

Jumatano alianza yeye, kabla ya Réjean.
Vitano, kama kawaida.
Kisha cha sita, cha chini kabisa,
akakigonga kwa ubapa wa sepetu
mara tatu. Hakikuwa na theluji.

Nikawasha taa ya jikoni.
Nikaizima.
Nikaiwasha.