Cha Mvunguni

Saa tisa usiku mjini Oulu,
theluji imefika nusu ya dirisha la Tuulikki
na kompyuta imemjibu kabla hajaketi.

Sekunde sita.
Jana kazi hii hii ilikula dakika arobaini:
alichemsha kahawa, akanywa, akasuuza kikombe, akangoja.
Leo birika halijaanza hata kuimba.

“Umeharibika,” anaiambia mashine,
kama mzazi aliyemwona mtoto
akirudi shuleni mapema mno.
Anasoma programu mstari kwa mstari,
anatafuta kosa, na kosa analipata:
faili siyo. Amepakia ile ya majaribio,
iliyovurugwa makusudi,
Tuira imeangukia Kaakkuri, mitaa shaghalabaghala
kama karata mkononi mwa mlevi.

Anarudisha faili safi, iliyopangwa:
dakika arobaini.
Anaivuruga upya: sekunde saba.
Anacheka, halafu ananyamaza ghafla,
maana jengo tupu limemchekea nalo.

Kumbe mpangilio ule,
ulionyooshwa na makarani wa manispaa miaka na miaka,
ndio uliokuwa ukiipotosha mashine!
Iliufuata kwa adabu, kichochoro baada ya kichochoro,
bila kuinua kichwa.

Asubuhi Ilmo, mwanafunzi wake, hasadiki.
Anatandaza ramani, anakokotoa kwa penseli
magari tisa ya kusukuma theluji, madaraja, depo.
Mchana anaiweka penseli chini.
“Ni sahihi,” anasema,
kwa sauti ya mtu aliyefungwa bao dakika ya mwisho.

Wafadhili walikuwa wameomba kitu kingine kabisa.
Fomu yao ina kisanduku: matokeo yaliyotarajiwa.
Siku tatu kisanduku kimebaki cheupe kama uwanja wa nje.

Siku ya nne nilikuwa chini ya meza yake,
mimi fundi wa mabomba ya joto,
nikiwinda mahali panapogonga usiku.
Huko huko chini nikamuuliza kwa nini halali.
Nikaona viatu vyake tu, vimetulia.
“Miaka kumi na moja,” akasema,
“nilichokitafuta nimekipata mara nyingi.
Hakijawahi kuninyima usingizi.”

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Sawa.
Ila hawakusema atainuka na kipi.

Bomba lilikuwa zima.
Nilitoka na vumbi magotini
na sarafu ya marka moja, ya kabla ya yuro,
ambayo hakuna duka litakaloipokea.
Ninayo mfukoni hadi leo.